Kinu Safi: Ngano, Siliaki na Sahani ya Nairobi

Mhadhara wa umma



Jioni hii nina hoja moja. Mwenye ugonjwa wa siliaki hana kidonge cha kumeza. Tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Chakula kinachomfaa kimejaa Nairobi, tangu Marikiti hadi soko la Kangemi. Tulichokosa ni kinu kisichochanganya nafaka, lebo inayosema kweli, na mwenyeji asiyenuna mgeni anapokataa chapati. Tukizungumza juu ya ugonjwa huu, macho hukimbilia rafu za vyakula vya kuagizwa kule Westlands. Mimi nawaomba tumtazame kwanza mwenye posho mill, kinu cha mtaani.

Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini ya ngano na nafaka za jamii yake. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Watu wengi huila bila madhara. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huipokea kama adui, na katika vita hivyo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Ukuta wa utumbo huo umejaa vijinyuzi vidogo mno vinavyofyonza lishe, kama zulia la manyoya marefu. Vijinyuzi hivyo hufutika. Mtu anakula akashiba, lakini madini ya chuma, kalisi na vitamini havifiki kwenye damu.

Basi dalili zake ni nyingi: kuhara kusikokoma au kufunga choo, tumbo kujaa gesi, mtoto asiyeongezeka kilo, mwanamke mwenye upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa inayodhoofika mapema. Wengine hawaumwi tumbo hata kidogo. Hapa kwetu dalili hizi zina washukiwa wa zamani: minyoo, amiba, taifodi, vidonda vya tumbo. Na mtu akikonda sana, majirani huanza kunong'ona juu ya virusi vya ukimwi. Siliaki haimo kwenye orodha ya washukiwa, kwa hivyo haitafutwi.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, au wa watu wa Karen na Runda. Jibu liko katika jeni. Karibu wagonjwa wote wana mojawapo ya jeni mbili, DQ2 au DQ8. Huko Ulaya karibu mtu 1 kati ya 3 anazo, ingawa wanaougua ni wachache. Duniani kwa jumla, siliaki humpata kama mtu 1 kati ya 100. Lakini kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuandikwa kilitoka Afrika: mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba asilimia 5.6 ya watoto wa Sahara Magharibi waliopimwa walikuwa na siliaki. Watafiti wa Sudan nao wamekuwa wakiandika juu ya watoto wao wenye ugonjwa huu. Tena sisi Wanairobi hatukutoka mahali pamoja. Familia za Parklands zenye asili ya Punjab zimetoka sehemu ya India ambako ngano ndiyo chakula kikuu na siliaki inajulikana vizuri.

Jinsi kisababishi kilivyofahamika ni habari ya watu kupata jibu kabla ya kuelewa swali. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu kwa watoto na kusema kwamba kama upo uponyaji, utatokana na chakula. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alianza kuwatibu watoto kwa ndizi. Walipona, naye akaamini ndizi ina nguvu ya pekee. Kumbe kilichowaponya ni mkate aliowanyima. Ilibidi kungoja Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 aliishuku ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Alichapisha tasnifu yake mwaka 1950. Fikirieni hilo: ndizi ziliwahi kuwa dawa New York, na aliyezitoa hakujua kwa nini.

Ngano ilivyopanda cheo

Ngano iliingia Nairobi kwa milango miwili. Wa kwanza ni reli. Kati ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na chapati ikaja pamoja nao. Wa pili ni mashamba ya walowezi. Lord Delamere alijaribu ngano Njoro, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga ambayo jina lake, Unga, bado liko kwenye pakiti jikoni mwenu.

Kwa miongo mingi chapati ilikuwa ya Krismasi na ya wageni. Leo inapatikana kila kona kuanzia River Road hadi Kawangware, mandazi ndicho kiamshakinywa cha mjenzi, na mkate ndio wa mwanafunzi. Nchi huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Wakati huohuo nduma, viazi vitamu, mihogo, wimbi na mtama vilishushwa vikawa chakula cha ushago, kabla ya kurudi mjini vikiwa chakula cha wenye sukari na shinikizo la damu.

Mgonjwa wa siliaki anapotembea sokoni, orodha yake ni hivyo hivyo vilivyoshushwa: ugali wa mahindi, githeri, muthokoi, mukimo, wali, ndengu, omena, sukuma wiki, matoke. Wimbi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika kila gramu 100. Kwa mtu ambaye mifupa yake imedhoofika, uji wa wimbi ni bora kuliko biskuti yoyote isiyo na gluteni iliyovuka bahari na kuuzwa mara kadhaa ya bei ya kawaida.

Hesabu ya kijiko kimoja

Ikiwa chakula kipo, kwa nini mgonjwa anaendelea kuumwa? Twendeni kwenye kinu.

Kanuni ya kimataifa ya vyakula, Codex, inasema chakula kikiitwa kisicho na gluteni, kisizidishe miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni kama gramu 8 au zaidi katika kila gramu 100. Sasa chukueni gorogoro moja ya mahindi, kilo 2, mpeleke kwenye posho mill ambako mteja aliyetangulia amesaga ngano ya chapati za rangi ya kahawia. Tuseme kilichobaki ndani ya mashine ni kijiko kimoja cha chai, gramu 3. Kijiko hicho kina miligramu 240 za gluteni. Zigawanye kwa kilo 2: ni miligramu 120 kwa kilo, mara 6 ya kikomo. Na kila aliyewahi kufagia chini ya kinu anajua kwamba kinachobaki ni zaidi ya kijiko.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuudhuru utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za gluteni. Kwa hivyo tunazungumzia sehemu moja ya arobaini ya kipande, kiasi ambacho jicho halikioni juu ya sufuria.

Hali ni hiyo hiyo kwa unga wa uji mchanganyiko, wenye wimbi, mtama, soya, njugu na terere, ambao mara nyingine hutiwa ngano ili uwe laini. Ni hiyo hiyo kwa mafuta ya kibandani yaliyokaanga mandazi na sambusa asubuhi, kisha yakakaanga chips mchana. Injera katika mikahawa ya Kihabeshi ya Kilimani ni salama ikiwa ni ya nafaka ya teff tupu, lakini teff ni ghali na huchanganywa. Mgonjwa anapouliza kilichomo, haulizi kwa maringo.

Kuna hatari ya pili ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji, kwa sababu haiwahusu sana. Ukimtoa mtu kwenye ngano hapa Nairobi, unamsukuma kwenye mahindi, na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumu hiyo na 125 wakafa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Unga wa viwandani, kwa upande wake, umelazimika kuongezwa chuma na vitamini tangu 2012, na ule wa posho mill hauongezwi. Kwa hivyo ushauri wangu kwa mgonjwa hauishii kwenye «acha ngano». Ninamwambia abadilishe: leo ugali, kesho wali, keshokutwa nduma, wimbi kila asubuhi, mahindi makavu yaliyochambuliwa.

Meza na altare

Shida nyingine haipimwi maabara. Chapati ni heshima. Shangazi amekanda tangu alfajiri, nawe unasema huli. Utaambiwa unajifanya Mzungu, au umeokoka kwa dini mpya. Wagonjwa wengi hula kidogo ili wasimuudhi mtu, kisha wanalipa kwa juma zima.

Hata altare ina swali lake. Kanisa Katoliki lilieleza mwaka 2003, likarudia mwaka 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila ile yenye gluteni kidogo sana yafaa. Muumini pia aweza kupokea divai peke yake, mradi apewe kikombe kisichotiwa kipande cha hostia. Aliye parokiani Msongari au katika Basilika ya Familia Takatifu amwendee padre wake mapema. Hili lina utaratibu, wala si ukaidi.

Tufanye nini

Kwa madaktari: wenye upungufu wa damu usioeleweka, wenye kisukari cha aina ya kwanza, mtoto asiyekua, na ndugu wa damu wa mgonjwa, ambaye huwa na uwezekano wa karibu 1 kati ya 10, wapimwe kingamwili za siliaki. Hicho ni kipimo cha damu. Kikionyesha dalili, kamera hushushwa tumboni na kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwa.

Kwa vyuo na maabara zilizo kwenye njia hii ya magharibi, kuanzia kampasi yetu ya Kabete hadi taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kule Uthiru: mbinu ya kingamwili inayotumika kupima sumukuvu ndiyo inayotumika pia kupima gluteni. Vifaa na mafundi tunao. Tukipima unga wa uji unaouzwa Kangemi na Kawangware na kutangaza matokeo, tutamsaidia mgonjwa kuliko kwa makongamano kumi.

Kwa wenye posho mill: kinu kimoja katika mtaa, kisichoguswa na ngano, chenye kibao mlangoni. Wateja wake hawatakuwa wagonjwa peke yao, na ada ya kusaga haina sababu ya kupanda.

Na kwenu nyote, ombi moja la kitabibu. Msiache ngano kesho kwa sababu ya mhadhara huu. Ukiiacha kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kitasema huna ugonjwa ilhali unao. Pimwa kwanza, ndipo uache.

Nitapokea maswali, kisha chai iko nje. Mandazi yako meza ya kushoto. Nduma, viazi vitamu na njugu viko meza ya kulia, na vina koleo zake. Tafadhali zisihame meza.