Gome la Ober na Jipu

Leo tuzungumzie majipu.

Ukienda soko la Kibuye, Kisumu, ukauliza dawa ya ngozi, hutakosa kuelekezwa kwenye magome ya ober, mti ambao wataalamu huuita Albizia coriaria. Bibi zetu waliyachemsha, maji yakipoa mgonjwa akaoga. Je, maabara inasemaje?

Majipu mengi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Takriban watu 3 kati ya 10 hutembea naye puani bila kujua, naye hungoja ngozi ichubuke. Mtafiti humpanda kwenye kisahani chenye agari, yaani jeli itokanayo na mwani. Juu yake huweka kikaratasi kidogo cha duara kilicholoweshwa dawa, kisha kisahani hulala kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake bakteria wametanda kote kama ukungu. Kikaratasi kikizungukwa na duara safi, dawa imewazuia, na duara hilo hupimwa kwa rula, milimita kwa milimita.

Mimea mingi ya kwetu hutoa duara hilo, na hapo ndipo watu hushangilia mapema mno. Mtafiti mara nyingi huloweka gome katika methanoli, wewe nyumbani unatumia maji. Methanoli hutoa kemikali ambazo maji huziacha ndani ya gome. Tena kisahani hakina damu wala usaha, na hakiwezi kulalamika kwamba dawa inaunguza. Kinachoua bakteria kinaweza kuua pia chembe hai za ngozi yako, ndiyo maana dawa hupimwa sumu kabla ya kupewa watu.

Sikwambii umtupe bibi na dawa zake. Ila maji ya ziwa yasiyochemshwa usiyaoshee kidonda, utaongeza vijidudu vingine. Jipu usiliminye, hasa lililo karibu na pua. Ukiona homa, wekundu unaosambaa, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga au ana kisukari, usingoje gome lichemke, nenda zahanati. Ukifika, mwambie muuguzi waziwazi ulichopaka na lini, hata kama unaona haya. Na ukibandua gome mwenyewe, chukua upande mmoja tu. Mti ukizungushwa kisu pande zote hukauka.