Tesiti ya mimba ya damu: mstari mmoja hausemi yote



Tesiti ya mimba ya mukojo wengi tunaijua tangu kambini. Leo nasema juu ya ile ambayo enfirmye anatia damu kidogo. Kwa nini damu? Kuna mama anafika kituoni amezimia, hawezi kukojoa. Hapo damu inasaidia sana.

Lakini tuelewane. Si kila tesiti imetengenezwa kwa damu; ingine ni ya mukojo tu. Tena damu ni nzito, inatembea polepole, na wekundu wake unaweza kuficha mstari mwembamba. Lazima kungoja dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, si kusoma mbio mbio.

Tesiti inatafuta homoni ya mimba, hCG. Mimba ikiwa changa sana, homoni ingali kidogo, mstari wa pili hautoki. Na mimba iliyokaa kwenye mrija, inje ya kizazi, mara nyingi homoni yake ni ya chini. Hatari iko hapo.

Mama mmoja aliyekuwa ametoka kurudi toka Tanzania alilalamika tumbo, upande mmoja. Tesiti ilionyesha mstari mmoja. Mimi nilikuwa pale, nikamwambia: « Mama, hauna mimba, enda upumzike. » Usiku alianguka. Tulimbeba kwa moto mpaka hospitali, wakamupasua: mrija ulikuwa umepasuka. Alipona, Mungu asifiwe. Ila ile sentensi yangu ingali inaniuma mpaka leo.

Basi, mama akikosa siku zake, akiumwa chini ya tumbo, akitoka damu kidogo kidogo, ao akisikia kizunguzungu ao maumivu ya bega, apelekwe hospitali, hata kama tesiti imesema hapana. Babaa, usingoje asubuhi ndipo utafute moto.

Na ikisema ndiyo? Haituonyeshi mimba imekaa wapi. Ekografi ndiyo inaonyesha. Tena kisha kuzaa ao mimba kutoka, homoni inaweza kubakia majuma kadhaa, tesiti ikaendelea kusema ndiyo.

Tesiti ni msaidizi, si muamuzi. Tumusikilize kwanza mama mwenyewe.

Mwenye ulizo, aulize bila haya.