Mgao wa Kaunti Bunge Likivutana: Hotuba kwa Wakazi wa Voi



Mgao wa kaunti ukichelewa, mnatuuliza: dawa zitatoka wapi, wauguzi watalipwa na nini? Ni swali la haki.

Mwaka 2019, Bunge la Kitaifa na Seneti walivutana kuhusu Mswada wa Ugavi wa Mapato. Magavana na kaunti zote 47 wakaenda Mahakama ya Upeo kuomba ushauri.

Mei 15, 2020, mahakama ilijibu. Kwanza, bajeti ya serikali kuu isipitishwe kabla mswada huo haujawa sheria. Pili, mvutano ukizidi, kaunti zipewe nusu ya mgao wa mwaka uliotangulia ili huduma zisisimame.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Mahakama imesema nyasi zisikauke.

Lakini ndugu zangu, nusu haitoshi mwaka mzima. Ndiyo maana tunawaomba mfike kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti, mtuambie pesa zikipungua kipi kitangulie: hospitali, maji au chekechea. Usiponena wewe, mwingine atakunenea.