Cheo cha Mtu na Afya Yake
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya afya katika maadhimisho ya hekalu letu



Tungeweza kuzungumzia sukari na mafuta, hasa leo laddu zikiwa zinatungoja. Lakini tumechagua jambo lisilosemwa mara nyingi, nalo ni uhusiano wa cheo cha mtu na afya yake.

Mwaka 1967, jijini London, watafiti walianza kuwafuatilia wanaume wapatao 18,000, watumishi wa serikali ya Uingereza. Hao hawakuwa mafukara. Walikuwa na ajira, na nchini mwao matibabu ni ya umma. Hata hivyo, katika miaka kumi, watu wa ngazi ya chini kabisa, wengi wao matarishi, walikufa kwa kiwango cha mara tatu ya wakuu wao. Wala hapakuwa na mpaka mmoja kati ya maskini na tajiri: kila aliyeshuka ngazi moja, hatari ilimzidi. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Uchunguzi wa pili, uliosimamiwa na Michael Marmot tangu 1985, uliwahusisha wanawake pia. Ulionyesha kwamba asiye na kauli katika kazi yake huelemewa zaidi na maradhi ya moyo, na asiyeungwa mkono kazini huwa hatarini kupata sonona.

Tuliyasoma haya kama habari za mbali. Kisha tukakagua daftari letu la upimaji wa mwezi uliopita: karibu wote waliopimwa ni sisi wenyewe. Mlinzi wetu wa usiku, aliyepanga viti na kuongoza foleni, hakuwamo. Tulipomuuliza alijibu, “Wazee, hakuna aliyeniambia nami nikae.” Tulikosa la kusema.

Jumapili ijayo tutaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla walinzi wa usiku hawajaondoka. Wao, wapishi na wafagiaji watatangulia. Ratiba ya zamu, ambayo tulikuwa tukiibandika ukutani bila kumuuliza mtu, tumewaachia waipange wenyewe. Nanyi wenye wasaidizi wa nyumbani, tunawaomba muwape ruhusa waje, na saa hizo zisikatwe katika mishahara yao.