Madoa ya Maji Juu ya Rangi ya Motakaa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi.)



Katibu wetu aliniagiza niseme habari ya jambo lenye manufaa kwa wanachama, nami nimechagua jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana dogo, yaani madoa meupe ya maji yanayoshika juu ya rangi ya motakaa, yasitoke kwa sabuni wala kwa kusugua. Walakini udogo wake una gharama. Miongoni mwetu wako wanaoendesha na kuosha motakaa za Serikali, nao ndio hulaumiwa gari likionekana chafu. Wako makarani wanaoandika hati za matengenezo. Tena wako walionunua motakaa zao wenyewe kwa fedha ya mkopo, inayokatwa katika mshahara kila mwezi. Wote hao yawapasa kujua doa hilo ni kitu gani, maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Asili ya doa

Watu wengi hudhani kwamba doa la maji ni uchafu uliosazwa na mwoshaji mvivu. Sivyo. Maji yapitapo chini ya ardhi katika mawe huyeyusha chokaa na chumvi nyingine, akayachukua mchota maji pasipo kujua. Katika pwani yetu na kisiwani Unguja visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na matumbawe yenyewe ni chokaa. Maji yake huwa maangavu machoni, lakini sabuni haitoi povu jingi ndani yake, na birika la kuchemshia hufanya utando mweupe. Hayo ndiyo yaitwayo maji magumu. Wataalamu huyapima hivi: lita moja ikiwa na chokaa chini ya miligramu 60, maji ni laini, ikizidi miligramu 180, maji ni magumu sana.

Basi tone la maji magumu likikauka juu ya bati, maji huenda zake angani, bali chokaa haiendi. Hubaki pale pale ilipowekwa. Nanyi mtaona kwamba doa lake aghalabu ni duara lenye ukingo mweupe kuliko katikati. Karani yeyote aliyeona tone la kahawa limekauka juu ya jalada anaijua sura hiyo. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake: tone hukauka upesi zaidi ukingoni, na maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, yakichukua pamoja nayo vitu vilivyomo, hata vikarundikana ukingoni.

Jua nalo huongeza madhara. Aoshaye motakaa saa sita mchana, bati likiwa la moto, hawahi kupangusa upande mmoja kabla ya upande wa pili kukauka. Na chokaa na chumvi zikikaa juu ya rangi siku nyingi katika joto, hazikai juu tu, huanza kuila.

Madoa si namna moja

Kwa hiyo twaweza kuyagawa madoa katika hali tatu. Hali ya kwanza ni doa jipya, chokaa iliyolala juu ya rangi tu. Hali ya pili ni doa lililokaa, chokaa iliyoshikamana sana na rangi. Hali ya tatu si doa tena bali ni shimo dogo, mahali ambapo rangi yenyewe imekwisha kuliwa.

Kuzitambua si kazi ngumu. Oshe motakaa, ikauke, kisha utie kidole ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na kukipitisha pole pole juu ya rangi. Ukisikia vipele, kitu kingali juu ya rangi, nacho huweza kuondoka. Kama hakuna vipele, lakini jicho laona duara hata baada ya dawa nilizo karibu kuzitaja, ujue kwamba rangi imeliwa.

Habari ya dereva mmoja

Hapa nitasimulia habari ya ofisi moja ya pwani, ambayo sitaitaja jina. Motakaa ya ofisi hiyo, yenye rangi ya buluu iliyokoza, ililazwa kila siku kando ya bustani, na bustani ilinyweshwa kila asubuhi kwa mpira wa maji ya kisima. Matone yaliruka yakaangukia motakaa, jua likayakausha. Baada ya miezi michache ilikuwa kama imepigwa na ukurutu. Dereva akaandikiwa barua ya onyo kwa uvivu, nayo ikatiwa katika jalada lake. Naye kwa hofu akazidi kusugua kwa kitambaa kikavu, akaongeza mikwaruzo juu ya madoa. Mwishowe mkubwa wa ofisi akaamua motakaa ipakwe rangi upya yote.

Fundi mmoja mzee, aliyeitwa kutaja bei ya kazi hiyo, alimwambia dereva, "Mwanangu, usisugue tena. Nitafutie siki na ganda la yai." Akalitia ganda ndani ya siki mbele ya watu wote, na viputo vikaanza kupanda. Akasema, "Ganda hili ni chokaa, na madoa yale ni chokaa. Siki ila hiki, itakula na kile." Kwa muda wa nusu saa boneti na milango ilikuwa safi. Palisalia duara chache juu ya paa, ambapo jua lilikuwa kali zaidi, nazo zilitaka kung'arishwa. Rangi mpya haikununuliwa, motakaa ikahamishwa mbali na bustani, na barua ile ya onyo ikaondolewa katika jalada. Mwaona, ndugu zangu, mtu alikuwa karibu kubeba kosa la kisima.

Namna ya kuyaondoa

Kanuni ya kwanza ni hii: anza na dawa iliyo dhaifu kuliko zote, na usiende kwa yenye nguvu mpaka ile ya kwanza imeshindwa. Kanuni ya pili: fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi, na ujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, mathalan chini ya mlango.

Hatua ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi na sabuni ya motakaa, ili mchanga uondoke. Asuguaye juu ya mchanga hukwaruza rangi yake mwenyewe.

Hatua ya pili ni siki nyeupe ya dukani, ambayo aghalabu ina asidi sehemu 5 katika 100. Ichanganye na maji ya mvua safi sawa kwa sawa. Lowesha kitambaa laini, ukilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, wala usiache siki ikauke. Kisha pangusa bila kukandamiza, mwagia maji mengi, na uoshe tena kwa sabuni. Doa la hali ya kwanza litakwisha hapo. Likipungua pasipo kuisha, rudia mara moja.

Hatua ya tatu ni udongo maalumu unaouzwa katika maduka ya vifaa vya motakaa, ulio laini kama unga wa chapati uliokandwa. Lowesha rangi kwa maji ya sabuni, kisha utelezeshe udongo huo juu yake kwa mkono mwepesi. Huzoa vitu vilivyoshikamana na rangi. Ukianguka chini, utupe, kwa maana umekwisha kushika mchanga.

Hatua ya nne, kwa hali ya tatu peke yake, ni dawa ya kung'arishia. Hiyo haiondoi doa. Hupunguza rangi iliyo pande zote za shimo mpaka iwe sawa na shimo. Kwa hiyo itumieni kwa uchache. Na kama shimo ni la kina, kazi hiyo ni ya fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, si ya mtu mwenye msasa na hamu.

Kwa nini nasema uchache? Kwa sababu rangi ni nyembamba. Zamani motakaa zilipakwa rangi tupu bila kifuniko juu yake. Mathalan motakaa za Oakland za mwaka 1924 zilipakwa rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont. Lakini tangu miaka ya 1980 na kitu motakaa nyingi zimefunikwa juu ya rangi kwa tabaka angavu kama kioo, ndilo lenye kung'aa na kuikinga rangi na jua. Unene wa tabaka hilo aghalabu ni kama nusu ya unene wa karatasi moja ya kuandikia barua. Hiyo ndiyo akiba yote mliyo nayo, na kila king'arisho hutoa sehemu yake. Ikiisha, rangi hufifia na kubanduka, na hapo hapana dawa illa kupaka upya.

Mambo ya kuepuka

Msitumie majivu, mchanga, sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, wala waya wa chuma. Msitumie dawa ya kusafishia choo, maana asidi yake ni kali mno. Na zaidi ya yote msitumie asidi ya betri. Nimesikia watu wakiisifu, lakini huunguza rangi, ngozi na macho.

Kinga

Lililo bora kuliko hayo yote ni kuzuia. Osheni motakaa asubuhi na mapema au jioni, upande mmoja kwa mmoja, na kukausha kila upande kabla ya kwenda mwingine. Penye maji magumu, suuzeni mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi. Ndoo moja yatosha. Pakeni nta kila baada ya miezi michache, ili chokaa ishike nta na si rangi. Na doa likionekana leo, lisingoje Jumamosi. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi moja kwa makarani wenzangu. Iletwapo mbele yenu hati ya kudai rangi mpya, au barua ya kumlaumu dereva kwa madoa, ulizeni kwanza: motakaa hulazwa wapi, na huoshwa kwa maji gani, na saa ngapi? Maswali hayo matatu hayagharimu hata senti moja, nayo yaweza kuokoa fedha ya ofisi na jina jema la mtu.