Nani Atarusha Ndege Zetu?

Hotuba kwa wanachama, Kariakoo



Ndege ya Air Tanzania ikipita juu ya soko letu, watoto huinua vichwa na kushangilia. Ni haki yao. Zile Q400 mbili zilizokuja mwaka 2016, na Boeing 787 iliyotua Julai 2018, zimenunuliwa kwa kodi, na wenye vizimba wa hapa Kariakoo wamo katika kodi hiyo. Lakini ndege hununuliwa kwa sahihi moja. Rubani hutengenezwa kwa miaka.

East African Airways ilianza kazi tarehe 1 Januari, 1946, chini ya serikali za kikoloni. Mwaka ule ule shirika la Ethiopia nalo likaanza kuruka. Wahabeshi waliwakaribisha Wamarekani wa TWA wawaendeshee shirika, lakini kwa nia ya kujifunza kazi mpaka waishike wenyewe. Mwaka 1971 mkuu wa shirika lao alikuwa Mhabeshi, na leo vijana wa nchi nyingi za Afrika huenda Addis Ababa kusomea urubani. Sisi, mwaka huo huo wa 1971 ndipo tulipofungua shule ya urubani ya Afrika Mashariki huko Soroti, Uganda. Jumuiya ikavunjika 1977. Shule ikabaki Soroti. Sisi tukabaki na shirika jipya lisilo na shule. Hatumlaumu jirani, maana shule imejengwa kwenye ardhi yake.

Sasa, shule nzuri ni ipi? Wageni wakubwa wakitembelea shule huonyeshwa ndege zilizopangwa mstari. Sisi tunasema waonyeshwe walimu. Mwalimu akilipwa vibaya, atakaa hapo akusanye saa zake za kuruka, kisha aende kwa anayelipa. Tena aulizwe kama ana ruhusa ya kumwambia mwanafunzi, "Wewe hufai, rudi nyumbani," hata kama baba yake ni mkubwa. Kikaratasi cha mkubwa hakifiki mawinguni. Mnakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba, 2022: watu 43 walikuwamo ndegeni, wakafa 19, na marubani wote wawili miongoni mwao. Hatuwahukumu marehemu. Tunasema tu kwamba kazi hii ni amana ya roho za watu.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kwa kanuni za kimataifa, kijana hupata leseni ya kurusha ndege kwa malipo akiwa na saa 200 za kuruka, au 150 akisoma katika shule iliyothibitishwa. Lakini leseni ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria hutaka saa 1,500. Saa hizo zilizobaki atazipata wapi? Utingo wa lori hapa Kariakoo huiva kwa kukaa ubavuni pa dereva. Rubani naye hivyo hivyo: lazima apewe kiti cha msaidizi. Shule isiyopatana na mashirika juu ya kiti hicho inawatoa vijana na leseni mfukoni, wakazunguke maofisini mjini na bahasha.

Na ada je? Wanaokwenda nje kusomea kazi hii hutumia makumi ya maelfu ya dola. Mama muuza nyanya atayatoa wapi? Basi tumekuwa tukiwachagua marubani kwa mfuko wa baba, na huenda yule hodari kuliko wote anabeba mizigo Mtaa wa Msimbazi.

Pale Mabibo kiko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa 1975, na kimepewa kazi ya kuwa kituo cha mafunzo ya anga kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo tutaulipa sote. Kwa hiyo tunataka nafasi za urubani zitolewe kwa mtihani wa wazi, matokeo yabandikwe ukutani, aliyeshinda akopeshwe ada na kiti chake kijulikane kabla hajaanza kusoma, naye alitumikie taifa kwa miaka watakayopatana. Wabunge wetu tumeshawaomba waulize bungeni ni walimu wangapi wameajiriwa na kwa mshahara gani.

Sasa tunangoja maswali yenu.