Umeme wa Ruzizi: Mwenye Mali ni Nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wenyeji wa Kirotshe



Tazameni ziwa letu la Kivu. Maji yake hayana mlango wa kutokea ila mto Ruzizi, kule Bukavu. Katika mto huo ziko mashini za kutoa umeme. Za kwanza zilijengwa mwisho wa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Za Ruzizi ya Pili zilianza kazi mwaka 1989, nazo si mali ya tajiri mmoja. Ni mali ya Leta tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, fungu sawasawa kwa kila moja. Kompani yao, iliyoundwa mwaka 1983, inaitwa SINELAC.

Sikilizeni namna ya kazi yake. SINELAC haiuzi umeme nyumbani kwa mtu. Inauzia kompani za Leta zile zile: kwetu ni SNEL, Burundi ni REGIDESO, na Rwanda ina yake. Hizo ndizo zinazopeleka umeme mjini na kukusanya pesa. Tena, wanaoketi katika baraza la kuangalia SINELAC wanatumwa na Leta hizo hizo.

Taabu iko hapo! Kwa miaka mingi kompani hizo zilichukua umeme na kuacha madeni. Ndugu watatu wakinunua kinu pamoja, kila mmoja akasaga mahindi yake bila kulipa, nani atamdai mwenzake? Kila mmoja ni mwenye kinu, na kila mmoja ni mdeni. Siku jiwe likivunjika, pesa ya kununua jingine itatoka wapi?

Wengine wanasema: tuuzie tajiri. Lakini tajiri naye asipolipwa atafunga mlango.

Sheria ya Kongo ya tarehe 17 Juni 2014 iliweka ofisi ya kusimamia mambo ya umeme, ARE. Ni vyema. Lakini ofisi ya Kongo haiwezi kuhukumu deni la Rwanda wala la Burundi.

Basi tuombe jambo moja: kila mwaka hesabu isomwe wazi katika nchi zote tatu. Umeme gani ulitoka? Nani aliuchukua? Nani alilipa, na nani hakulipa? Ninyi wachimbaji mnajua: gunia likipimwa gizani, aliyechimba ndiye anayepunjwa.

Mali ya wote isiyohesabiwa mbele ya wote hugeuka mali ya wachache.